Laptop Inazima Kioo Ukiwa Bado Unaandika? Anza na Sumaku

Unamalizia kazi ya watu, mara kioo giza totoro. Hujagusa kitufe, betri imejaa. Kabla hujaikimbiza kwa fundi, jua hili: huenda laptop yako inadhani umeifunga.

Kwenye fremu ya kioo cha laptop nyingi kumefichwa sumaku ndogo. Chini, upande wa kibodi, kuna sensa. Ukifunga, sumaku inaikaribia sensa na laptop inalala. Sensa haijui sumaku ni ya nani. Hata ya kigeni ikipita hapo, inalala tu.

Safisha meza kwanza. Ondoa simu yenye kava la sumaku pembeni mwa kibodi. Vua bangili au saa yenye mkanda wa sumaku. Umeiweka laptop juu ya laptop nyingine? Ishushe, maana sumaku ya ile ya chini inaweza kuifikia sensa ya hii ya juu.

Tafuta sumaku ilipo. Chukua sindano ya kushonea, ifunge uzi, kisha ining'inize karibu na fremu ya kioo. Ipitishe taratibu pande zote. Itakapovutwa, pana sumaku. Ikinasa sehemu mbili tatu usishangae: nyingine ni za kushikilia kifuniko tu.

Jaribu sensa. Washa muziki. Chukua sumaku ndogo, kama ya kubandika karatasi kwenye friji, uipitishe polepole kandokando ya kibodi. Kioo kikizima na muziki ukakatika, sensa ni nzima na umeshajua ilipo. Sumaku kubwa ya spika iache kabisa, hasa kama laptop yako ina diski ya kuzunguka.

Haizimi ukiifunga? Angalia mpangilio kabla ya kulaumu sensa. Kwenye Windows, fungua Control Panel, ingia Power Options, bonyeza "Choose what closing the lid does". Ukikuta "Do nothing", weka "Sleep", kisha bonyeza "Save changes".

Ulibadilisha kioo karibuni? Muulize fundi kama alihamisha sumaku. Fremu ya zamani ikitupwa na sumaku yake, sensa haina cha kuhisi, hata ufunge mara mia.

Laptop yako ni ya zamani? Chungulia karibu na bawaba. Baadhi zina kidude kidogo kinachobonyezwa na kifuniko. Kikijaa vumbi au makombo, kinakwama chini. Zima laptop, kisafishe kwa brashi laini iliyo kavu.

Bado inajilalia yenyewe? Kwenye ukurasa uleule wa Power Options, weka "Do nothing" kwa muda, kwenye betri na kwenye chaja. Ikitulia, tatizo liko kwenye sensa au waya wake, na hapo sasa mwone fundi. Ikiendelea kuzima, tafuta sababu nyingine.

Lakini ukiiacha kwenye "Do nothing", usiifunge na kuitia begini. Itaendelea kufanya kazi humo ndani, ipate joto na kumaliza betri. Izime mwenyewe kwanza.

Majaribio haya yote hayafiki nusu saa. Yafanye, kisha ukimfikia fundi mwambie umejaribu nini na umeona nini. Hutalipia kioo kipya kwa kosa la kava la simu.