SOMO LA AFYA: Soko la kuku likifungwa, mfugaji afanye nini?



Wengi wetu tumetoka Rumonge, Nyanza-Lac na vijiji vingine vya kando ya Ziwa Tanganyika. Tunajua maana ya kuku katika familia. Kuku mmoja ni daftari za mtoto, ni sabuni, ni dawa, ni kitoweo cha mgeni. Kwa hiyo ikitoka amri kwamba kuku na mabata wasikusanywe sokoni kwa sababu ya ugonjwa, watu hukasirika. Wengine huwauza kuku wao usiku, kwa siri. Somo hili linaeleza kwa nini kuuza kwa siri kunamuumiza mfugaji mwenyewe, na nini kinaweza kufanyika badala yake.

Mambo haya si mageni

Mwaka 2022, Homa ya Bonde la Ufa ilipoingia Burundi, serikali ilizuia ng'ombe, mbuzi na kondoo kuhamishwa kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Kwa upande wa ndege, mafua makali ya ndege yalithibitishwa Uganda mwezi Januari 2017, kando ya Ziwa Victoria. Mwaka huohuo yakathibitishwa Ituri, Kongo, karibu na Ziwa Albert. Maziwa hupokea ndege wa porini wanaosafiri kutoka mbali, na ziwa letu pia linao, hasa pale mto Rusizi unapoingia ziwani.

Amri hizi hazikutungwa kwa ajili ya maskini peke yao. Uingereza, tangu mwaka 2021, wafugaji wameamriwa zaidi ya mara moja kuwafungia ndege wao ndani, na maonyesho ya kuku yakazuiwa.

Kuku mgonjwa husafiri vipi?

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Kizuka anasikia kuku wa jirani wanakufa. Anaogopa hasara. Asubuhi anawatia kuku wake watano katika tenga, anakwenda nao soko la Rumonge. Kwa macho ni wazima, lakini ugonjwa tayari umo ndani yao. Sokoni wanawekwa karibu na kuku wa watu wengine ishirini. Jioni, mmoja amefungwa kwenye baiskeli kwenda Minago. Mwingine yuko ndani ya gari la Bujumbura. Wa tatu amepelekwa Nyanza-Lac. Wawili wamevuka ziwa kwa mtumbwi. Tenga linarudi nyumbani na kinyesi chake.

Kwa siku moja tu ugonjwa umefika mahali pengi, na mama huyo hakukusudia ubaya. Ndege wa porini anaweza kuuleta ugonjwa, lakini kutoka kijiji hadi kijiji mara nyingi unaenezwa na sisi wenyewe: kwa tenga, kwa viatu, kwa mikono, na kwa kuku aliyeuzwa kwa haraka.

Magonjwa mawili yanayofanana

Kideri huua kuku wengi sana ambao hawakuchanjwa. Dalili zake ni kuhara kijani, kupumua kwa shida, kushusha mabawa na kupinda shingo. Hakina dawa, lakini kina chanjo. Wafugaji wengi wa Tanzania hutumia chanjo ya I-2: tone moja katika jicho moja, na kurudia kila baada ya miezi 3 hadi 4. Chanjo hii haizuii mafua ya ndege.

Mafua makali ya ndege nayo huua kuku kwa ghafla. Bata anaweza kuwa nayo bila kuonyesha dalili yoyote. Aina nyingine za mafua haya humpata binadamu. Tangu mwaka 2003, watu zaidi ya 900 duniani wamethibitishwa kuugua aina ya H5N1, na karibu nusu yao walifariki.

Kwa macho huwezi kutofautisha magonjwa haya mawili. Kwa hiyo, kuku wengi wakifa ghafla, usiseme "ni kideri tu". Toa taarifa.

Ufanye nini wakati wa amri?

Amri ya kutokusanya ndege haikukatazi kufuga. Inakutaka kuku wako wabaki kwako.

1. Wafungie kuku katika banda au ndani ya wigo wa matete. Wape pumba, majani, mabaki ya chakula na mabaki ya ndagala. Wape maji ya kunywa nyumbani, wasiende ziwani.

2. Tenganisha mabata na kuku.

3. Usipokee kuku mgeni, hata wa zawadi. Amri ikiisha, kuku mpya akae peke yake siku 14 kabla ya kuchanganywa na wengine.

4. Usiazime wala kuazimisha tenga. Nawa mikono kwa sabuni kila unapotoka bandani. Viatu vya bandani visiende kwa jirani.

5. Punguza mzigo. Mayai yaliwe nyumbani badala ya kumwachia kuku ayaatamie, maana vifaranga wa leo ni walaji wa mwezi ujao na soko halijafunguliwa. Majogoo wa ziada, wakiwa wazima, waliwe na familia. Nyama iive mpaka isibaki damu, na mayai yaive mpaka kiini kigande.

6. Kuku mgonjwa au aliyekufa asiliwe, asiuzwe, asitupwe ziwani. Usimshike kwa mikono mitupu, na watoto wakae mbali. Mjulishe afisa mifugo, mkuu wa kilima, au hapa kambini mhamasishaji wa afya. Akiagiza mzoga uzikwe, chimba shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua.

7. Andika idadi ya kuku wako mbele ya shahidi. Ikiamriwa wauawe, uliza mapema kama kuna fidia. Hilo ni swali la haki.

8. Ukipata homa, kikohozi au kupumua kwa shida baada ya kushika kuku wagonjwa, nenda zahanati haraka na useme wazi kwamba ulishika kuku.

Kumbuka

Hasara ya soko kufungwa ni ya kweli, tusiidharau. Lakini soko lililofungwa hufunguliwa tena, na mwenye kuku watatu wazima siku hiyo ataanza upya. Aliyewauza kwa siri atakuta kijiji kizima hakina hata jogoo wa kuwika.

Maswali ya kujadiliana

Je, katika mtaa wenu ni nani anayejulishwa kuku wakifa ghafla? Je, kuku wako wamechanjwa kideri mara ya mwisho lini? Familia inayotegemea kuku peke yao, majirani wanaweza kuisaidiaje soko likifungwa?