Sindano za Homoni kwa Atakaye Mtoto
SWALI: Nina miaka 38. Kipimo cha jioni kimeonyesha homoni yangu ya kiume ni pungufu, nami nimeshauriwa nianze sindano. Mke wangu nami twataraji mtoto. Je, zitanifaa?

JIBU: Ndugu msomaji, usifanye haraka. Testosteroni, ndiyo hiyo homoni ya kiume, hupanda asubuhi na kushuka kadiri mchana unavyosonga, basi kipimo cha jioni si hoja ya kutegemewa. Yapasa upimwe asubuhi, kabla ya kula, siku mbili mbalimbali, na dalili nazo ziwepo. Ama kuhusu mtoto, hapo ndipo penye hatari ambayo aghalabu hunyamaziwa: ubongo, ukihisi kwamba homoni imejaa katika damu kwa njia ya sindano, huacha kuziamrisha korodani, nazo hupunguza kutoa mbegu, hata pengine zikakoma kabisa, na kurejea kwa mbegu baada ya kuacha dawa huweza kuchukua miezi mingi. Tena damu huweza kuwa nzito. Hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikipita asilimia 54, sindano husimamishwa. Kwa mwenye kutaka kizazi zipo dawa nyingine, kama gonadotropini, ziziamshazo korodani zenyewe. Mjulishe tabibu wako azma hiyo kabla hujachomwa sindano ya kwanza.