Kabla ya kulipia kompyuta ya mtumba Bunia

Usiridhike na stika ya “i5”. Mwombe muuzaji aiwashe kompyuta, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows na R, andika msinfo32, halafu soma mstari wa prosesa. i5-6300U ni kizazi cha 6; i5-8250U ni cha 8. Tofauti hiyo ni kubwa: Windows 11 kwa kawaida inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na kipengele cha usalama cha TPM 2.0, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Fundi anaweza kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyotimiza masharti hayo, lakini Microsoft haikuhakikishii masasisho. Mimi nisingelipa bei ya mashine mpya kwa hilo.

Skrini ikiwa kwa Kifaransa, kama ilivyo kwa wengi hapa, tafuta “Type du système” kwenye mipangilio. Ukikuta “Système d’exploitation 32 bits, processeur x64”, usiikatae: prosesa ni ya biti 64, ila Windows iliyowekwa haitumii RAM zaidi ya GB 4. Ukiinunua, hifadhi mafaili yaliyomo unayoyahitaji kwenye flashi kwanza, maana kubadilisha kwenda Windows ya biti 64 ni kusakinisha upya.

Kizazi cha 6 bado kinafaa kwa mfumo wa Linux Mint, badala ya Windows. Iwashe kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, ujaribu Wi-Fi, sauti na printa.

Ukionyeshwa Mac badala yake, kumbuka kuwa zenye chipu ya M1 ya Apple, zilizotoka mwishoni mwa 2020, hazipokei Windows moja kwa moja.