Kulala Hemani Marungu Wakati wa Kipupwe: Vidokezo vya Kushinda Baridi

Anayepita mji wa Maungu mchana kwa basi, jua likiwaka na vumbi jekundu likitimka nyuma ya malori ya Mombasa, haamini kwamba nchi hii ina baridi. Ndiyo maana watu huja Julai na kikoi kimoja na fulana mbili, wakapiga hema chini ya kilima cha Marungu, na ikifika saa tisa usiku wako macho, wamekumbatia magoti, wanahesabu saa. Usiku wangu wa kwanza huku ulikuwa hivyo hivyo. Nimelala hemani mara nyingi tangu hapo, nyikani na juu milimani, na nimejifunza kwamba baridi inayomnyima mtu usingizi aghalabu haitoki hewani. Inatoka ardhini na kwenye unyevu. Ukiziba njia hizo mbili, utalala.

1. Ijue baridi unayoiendea. Kipupwe huwa Juni hadi Agosti, kusi ikivuma, lakini baridi ya chini na ya juu ni mbili tofauti. Voi iko mita 560 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Kasigau kina mita 1,641, na Vuria, kilele kirefu kuliko vyote vya Taita, kinapita mita 2,200. Kila upandapo mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi, kwa hiyo usiku mmoja Vuria huweza kuwa na baridi ya nyuzi kumi zaidi ya Voi. Huku chini Marungu baridi ni kavu: anga likiwa jeupe, ardhi hulirudisha angani joto lote la mchana, na hakuna wingu la kulizuia. Juu, kwenye msitu wa Ngangao au kileleni Kasigau, kuna ukungu unaolowesha kila kitu bila tone la mvua kuanguka. Anayelala chini abebe nguo za kuvaa tabaka kwa tabaka. Anayelala juu abebe hizo hizo, pamoja na turubai zuri na koti la mvua.

2. Tandika kwanza, ujifunike baadaye. Kidokezo hiki nakipa uzito kuliko vyote. Blanketi hukupa joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake. Ukililalia, uzito wako huibana hewa ile ikatoka, na lile blanketi linabaki kitambaa tu kati ya mgongo wako na udongo baridi. Hata begi la kulalia la bei kubwa lina udhaifu huo huo upande wa chini. Godoro la kujaza upepo nalo, likiwa peke yake, hukaa na hewa baridi chini yako usiku kucha.

Suluhisho ni rahisi na halina gharama. Waombe wenye maduka pale Maungu katoni tupu. Zikunjue, zitandike tabaka mbili au tatu ndani ya hema, juu yake weka gunia au mkeka, kisha godoro. Ukiwa na mablanketi mawili tu, moja liende chini. Watu wengi hubisha hapa, wakaona ni kupoteza blanketi. Lijaribu usiku mmoja. Ila usikusanye majani makavu ukayafanya godoro, maana nyika hii ina kupe na nge, nao hupenda joto kama wewe.

3. Chagua mahali mchana. Hewa baridi ni nzito. Usiku huteremka mlimani polepole kama maji na kutuama bondeni, kwa hiyo hatua chache tu za kupanda kutoka shimoni huleta tofauti unayoisikia mwilini. Usipige hema kwenye mkondo wa mto mkavu; kuna baridi, na mvua ya mbali inaweza kukuletea maji usiyoyatarajia. Mlango wa hema uupe kusi mgongo: uelekee kaskazini-magharibi. Na waulize wenyeji njia za ndovu. Marungu iko kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ndovu hupita huku kama walivyopita zamani. Ukiambiwa hapa pana njia yao, hama, hata kama pana kinga nzuri ya upepo.

4. Vua nguo ulizoshinda nazo. Zote, na soksi pia. Unaweza kuziona kavu, lakini zina jasho la mchana, na maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa kwa zaidi ya mara ishirini. Nguo za kulalia zifunge kwenye mfuko wa plastiki zisiguswe hadi jioni. Pamba ni nzuri kwa jua la Voi, ila ikilowa huchelewa kukauka. Sweta la sufu hukupa joto hata likiwa na unyevunyevu, na mitumbani hupatikana kwa bei ya kawaida. Kofia ya sufu usiisahau.

5. Acha tundu. Wengi hufunga hema kabisa, kisha alfajiri wanashangaa matone yanawadondokea. Ni pumzi zao wenyewe. Acha dirisha la juu wazi kidogo, na usiingize pua na mdomo ndani ya begi la kulalia.

6. Jiko lisiingie hemani kamwe. Hapa naomba unisikilize, ndugu msomaji. Makaa yanapoungua hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Haikohozeshi, haikuamshi, inakulaza usingizi mzito na kukuua humo humo. Makaa yaliyofifia na kufunikwa majivu bado yanaitoa. Watu wameshakufa hivi nchini kwetu, kwenye vyumba vilivyofungwa kwa sababu ya baridi, na hema ni chumba kidogo kuliko vyote. Dirisha nililolitaja hapo juu halitoshi kukuokoa.

Moto ubaki nje, uchemshe maji. Yatie kwenye mfuko wa mpira wa maji ya moto au chupa ya chuma, kaza kifuniko, ivishe soksi, ulale nayo miguuni au kati ya mapaja. Itakupa joto kwa saa kadhaa. Kuni nunua kwa wenyeji, na uwashe moto pale tu unaporuhusiwa. Usikate mti. Ukanda huu wa Kasigau, kuanzia Rukinga, umelindwa kwa jasho la watu wake, na mwaka 2011 mradi wake wa kaboni wa kuhifadhi msitu ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani kupata vyeti chini ya VCS, kiwango cha kuthibitisha kaboni. Mti uliochukua miaka mingi kukua kwenye ukame huu hautoshi hata moto wa usiku mmoja.

7. Kula ushibe. Mwili hutengeneza joto kwa chakula. Kimanga cha Kitaita, kile cha kupondaponda maharagwe na mihogo, kikitiwa mafuta kidogo, kitakufikisha mbali usiku. Uji wa wimbi pia, na chai ya tangawizi. Pombe iache, iwe mbangara au nyingine: hufungua mishipa ya damu karibu na ngozi, ukahisi joto kumbe ndilo linalokutoka.

8. Nenda haja kabla ya kulala, na tochi mkononi.

9. Watoto walale katikati. Usiwapime kwa viganja, maana viganja vya mtoto hupoa upesi. Gusa shingo au kifua. Mtu mzima au mtoto akitetemeka, mvishe nguo kavu, mpe kinywaji cha moto, mkumbatie. Akianza kusema ovyo au kuyumba, au akaacha kutetemeka na mwili wake bado ni wa baridi, hiyo ni dharura: msitiri, mpashe joto polepole, mpeleke hospitali.

10. Weka akiba ya alfajiri. Saa ya baridi kuliko zote si usiku wa manane, ni karibu na mapambazuko, kwa kuwa ardhi imepoteza joto usiku kucha na jua bado. Hapo ndipo maji ya chupa yamepoa na chakula cha jioni kimekwisha tumboni. Kwa hiyo kabla ya kulala jaza chai kwenye thamosi, uiweke karibu na kichwa pamoja na leso nzito au sweta la pili. Julai, jua la Marungu huchomoza saa kumi na mbili na nusu hivi, na ikifika saa mbili utakuwa umeshavua sweta.