SOMO: KUMBUKUMBU ZA MKUTANO ZISOMWE MBELE YA WOTE

Tuanze na mfano. Kikundi cha akina mama kimekubali kumkopesha mwenzao shilingi 6,000 za karo. Katibu anaandika: "Mama Fulani apewe mkopo." Basi. Baada ya miezi sita mweka hazina anasema ulikuwa mkopo wa miezi mitatu. Aliyekopa anasema aliambiwa mwaka mzima. Nani mwongo? Pengine hakuna. Kila mmoja anakumbuka alivyosikia. Lakini sasa hawasalimiani hata sokoni, na kikundi kiko karibu kuvunjika.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza: hata ujirani hupotea. Basi tuangalie mambo matatu.

1. Kuandika
Katibu aandike tarehe, mahali, saa, waliohudhuria, waliotuma udhuru na waliokosa. Si lazima aandike kila neno, wala nani alimkasirikia nani. Aandike mlichokubaliana: ni nini, pesa ngapi, nani atafanya, na kufikia lini. Ataje pia aliyependekeza na aliyeunga mkono. Mkopo ule ungeandikwa hivi: "Mama Fulani akopeshwe sh. 6,000 bila riba. Arudishe sh. 2,000 kila mwezi kwa miezi mitatu." Hapo ubishi utatoka wapi?

2. Kuthibitisha
Hapa ndipo vikundi vingi huteleza. Alichoandika katibu ni maandishi yake tu mpaka mkutano uyakubali. Katika mkutano unaofuata, kabla ya mambo mengine, ayasome kwa sauti, kwa lugha ambayo hata nyanya asiyejua kusoma anaielewa. Mwenyekiti aulize: "Kuna kosa?" Kama lipo, lipigwe mstari mmoja ili bado lisomeke, sahihisho liandikwe, na viongozi hao wawili watie sahihi kando yake. Msifute, wala msichane ukurasa.

Halafu mtu aliyekuwa katika mkutano ule athibitishe, na mwingine aliyekuwapo amuunge mkono. Mwenyekiti na katibu watie sahihi na tarehe.

Angalieni: kusahihisha si kubadilisha nia. Kama mlikubaliana miezi mitatu na leo mnaona ni michache, kumbukumbu zibaki vile vile. Uamuzi mpya uandikwe katika mkutano wa leo.

3. Kuhifadhi
Tumieni kaunta buku na kalamu ya wino, si karatasi za hapa na pale. Kitabu ni cha kikundi, si cha katibu. Akitoka kazini, akikabidhi mbele ya wanachama. Mkienda kusajili kikundi kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, au benki kubadilisha waweka sahihi, mtaulizwa kumbukumbu zenye sahihi.

Wengine husema, "Sisi tunaaminiana, ya nini haya yote?" Ni vizuri kuaminiana. Ndiyo sababu tuandike, ili kusahau kwa mtu mmoja kusiharibu imani ya wote.

Maswali ya kujadiliana
1. Kumbukumbu za mkutano wetu uliopita zilisomwa? Zilitiwa sahihi?
2. Kitabu chetu kiko kwa nani leo?
3. Ni uamuzi gani wa pesa tuliowahi kufanya bila kuuandika? Tuuandike lini?