Anza na tangi, kanuni itafuata

Mwalimu, kipindi kijacho cha hesabu usianze na kanuni. Anza na jambo linalowagusa wanafunzi wako. Kitui na Makueni jambo hilo ni maji.

Andika ubaoni: "Mvua ya milimita 10 ikinyesha usiku mmoja, paa la darasa letu litaingiza lita ngapi kwenye tangi?" Kisha weka chaki chini. Usitoe mfano wala usitaje vipimo vinavyohitajika.

Wape dakika tano, kila mmoja afikirie peke yake. Ndipo uwagawe wanne wanne. Ukikimbilia makundi, wawili watafanya kazi na wawili watanakili.

Watoe nje na futikamba. Hapa ubishi utazuka, na ndio unaoutaka. Kundi moja litapima mabati kwa mteremko wake, jingine litapima ardhi iliyofunikwa na paa. Usiamue. Uliza tu: "Bati likisimamishwa wima kama ukuta, litakinga mvua kiasi gani?" Wenyewe watafika kwenye eneo la chini.

Kizingiti cha pili ni kugeuza milimita ziwe lita. Chora sakafuni mraba wa mita moja. Uliza maji yenye kina cha milimita moja juu yake yana ujazo gani. Sentimita 100 mara 100 mara 0.1 ni sentimita za ujazo 1,000, yaani lita moja. Aliyefika hapo kwa jasho lake hasahau.

Wewe jifanyie hesabu nyumbani kwanza. Paa linalofunika mita 8 kwa 7 lina eneo la mita za mraba 56, basi litakinga lita 560. Lakini maji mengine humwagika na mengine huvuja kwenye gata. Chukulia asilimia 80 ndiyo inayofika: lita 448. Asilimia imeingia bila kutangazwa! Songa mbele: tangi tupu la lita 10,000 litajazwa na mvua kiasi gani? Karibu milimita 223. Na wanafunzi 300 wakitumia lita moja moja kwa siku? Siku 33.

Wakikwama, usiwaokoe haraka. Kuwa na maswali matatu tu: Mnajua nini? Mnatafuta nini? Mmejaribu nini? Kimya kitakutia wasiwasi. Kivumilie.

Waache wabishane kwa Kikamba. Kuandika jibu kwa lugha ya mtihani kutakuja baadaye. Kwanza wazo likae.

Chagua njia tatu za kuonyesha ubaoni, mojawapo iwe na kosa, bila jina la mtu. Anza na hiyo yenye kosa.

Dakika kumi za mwisho ni za kanuni. Iandike, kisha wape swali la mtihani uliopita linaloitumia. Usiruke hatua hii hata kengele ikikukaribia, la sivyo watakumbuka kupima paa na kusahau hesabu.

Unaogopa silabasi? Swali moja kubwa kila wiki mbili, kwenye kipindi cha dabo, linatosha. Likibeba eneo, ujazo na asilimia pamoja, umeokoa muda.

Baada ya maji, maswali mengine yako mlangoni. Matuta ya fanya juu yatakupa mteremko. Gunia la ndengu la kilo 90 litakupa faida na hasara. Kiondo kina ruwaza na ulinganifu.

Tena huko peke yako. Makueni ilikuwa miongoni mwa wilaya 9 za majaribio za SMASSE, mradi wa hesabu na sayansi ulioanza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani. Uliwafunza walimu kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha. Ukipata mwalimu mkongwe aliyepitia semina zile, mkaribishe akae nyuma ya darasa lako, kisha mzungumze.

Mvua za vuli huanza Ukambani karibu na mwezi wa Oktoba. Pimeni paa kabla hazijafika. Tegeni uwanjani kopo lenye pande zilizonyooka, na rula iwe tayari. Siku itakaponyesha, wanafunzi wasome kina cha maji kwenye kopo, wapige hesabu yao, kisha waende kutazama tangi.