Picha za harusi Ujiji na stesheni ya Kigoma: anza kwa kuhesabu jua

Maharusi wengi wa Kasulu na Kibondo hutamani picha zao zipigwe mjini, chini ya miembe ya Ujiji au mbele ya stesheni ya Kigoma iliyojengwa enzi za Wajerumani. Ni chaguo zuri. Ila mara nyingi kazi huharibika kamera ikiwa bado mkobani, kwa sababu hakuna aliyeomba ruhusa wala aliyepiga hesabu ya jua.

Tuanze na jua. Saa yetu ni moja nchi nzima, lakini Kigoma iko magharibi kabisa. Huku jua hufika kilele karibu saa saba mchana, si saa sita. Mwezi wa saba jua huzama karibu saa moja jioni, wakati Dar es Salaam limeshazama zaidi ya nusu saa nyuma. Kwa hiyo mwanga laini, ule unaopendezesha ngozi, utaupata kuanzia saa kumi na moja na nusu. Ukipiga saa saba au saa nane, vivuli vinaingia machoni na bibi harusi anaonekana kama mtu aliyekesha.

Je, mnaweza kwenda siku ileile ya ndoa? Kasulu hadi Kigoma ni karibu kilomita 100; kutoka Kibondo ni zaidi ya 200. Ibada inaisha saa sita, bado kuna pongezi na chakula, na jioni ukumbi unawasubiri. Mkiungoja ule mwanga mzuri, wageni watakaa hadi saa tatu usiku bila maharusi. Mimi huwashauri waende kesho yake, wakiwa wamepumzika, na shela libebwe kwenye mfuko wake. Maharusi, wapambe wawili, mpiga picha na msaidizi wake wanaenea kwenye Noah moja, na gharama ya mafuta ni ya gari moja tu badala ya msafara mzima.

Ruhusa muombe wapi? Kwa Ujiji, nendeni kwenye kituo cha kumbukumbu ya Livingstone, pale alipokutana na Stanley mwaka 1871. Fikeni wiki mbili kabla, au mtumeni ndugu anayeishi mjini. Apeleke barua fupi yenye tarehe, saa, idadi ya watu na sababu ya picha. Aulize mambo mawili tofauti: kiingilio cha kila mtu, na kama kuna ada ya mpiga picha wa biashara. Watu wengi huuliza la kwanza tu, kisha la pili linawakuta getini shela likiwa limeshavaliwa. Lipeni kwa namba ya malipo ya Serikali, mdai stakabadhi, na mwende nayo siku ya picha.

Stesheni iko chini ya Shirika la Reli Tanzania na bado inafanya kazi, tangu reli ilipofika Kigoma mwaka 1914. Muoneni mkuu wa stesheni, mchague siku isiyo na treni, na msisimame kwenye njia ya reli hata mkiiona tupu. Droni, yaani kamera inayoruka, inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na mkiwa njiani, msipige picha kwenye kambi za wakimbizi. Kuingia huko kuna kibali chake.

Jambo moja kuhusu Ujiji naliona zito. Hapa paliondokea misafara ya pembe za ndovu na watumwa kuelekea pwani. Kabla sijatoa kamera huwa nasimama na maharusi dakika chache, nawaeleza tulipo. Nyuso hutulia, mikono inashikana bila kuelekezwa, na picha ya kwanza baada ya hapo mara nyingi ndiyo inayotundikwa ukutani.

Sasa kupiga. Chini ya mwembe jua hupenya majani na kuacha madoadoa ya mwanga usoni na kwenye shela. Wasogezeni hadi ukingoni mwa kivuli, nyuso zikitazama uwazi. Kamera ikiona nguo nyeupe nyingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na nyuso zinakuwa nyeusi. Kwenye simu gusa uso kwenye kioo, kisha angalia kama nakshi za shela bado zinaonekana. Zikipotea, punguza mwanga kidogo. Msaidizi atandike shuka jeupe chini mbele yao, nje kidogo ya fremu, nalo litarudisha mwanga chini ya kidevu na machoni.

Kiangazi, Juni hadi Septemba, udongo wetu mwekundu hupanda kwenye pindo la shela hadi linafanana na tofali, na hautoki kwa kupangusa. Bebeni turubai jepesi la kusimamia wakati mnapanga picha. Kuanzia Novemba hadi Aprili ongezeni miavuli miwili ya rangi moja na mifuko ya nailoni ya kufunikia kamera.

Usiku wa siku ya picha, kabla ya kulala, mpiga picha ahamishie picha zote kwenye kompyuta na kwenye flashi. Kadi ya kamera isifutwe hadi maharusi wazipokee na kuzihesabu.